Motokaa Itetemekayo Ukanyagapo Breki

Hotuba hii ilitolewa na fundi mmoja wa motokaa mbele ya madreva na wenye magari waliokutana katika ukumbi wa soko, karibu na Naivasha. Tunaichapa hapa kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Mimi si mtu wa maneno mengi, maana kazi yangu ni ya mikono, na miaka mingi nimeipitisha chini ya magari nikitazama juu. Lakini mwenyekiti wenu aliniambia kwamba wengi miongoni mwenu wana swali moja, nalo ni hili: Kwa nini motokaa yangu inatetemeka ninapokanyaga breki, na kwa nini inarudia kutetemeka hata baada ya kutengenezwa? Swali hilo nalijua vizuri, kwa kuwa siku moja lilikaribia kuniua mimi pamoja na mama yangu mzazi.

Ilikuwa mwaka wa 2014. Wakati huo nilikuwa sijawa fundi wa breki. Nilikuwa dreva tu, mwenye motokaa ndogo niliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Usukani wake ulikuwa ukitetemeka kila nilipokanyaga breki nikiwa katika mwendo wa kilometa 80 au zaidi kwa saa. Fundi niliyemwendea aliniambia, "Diski zimepinda," akanitia diski mbili mpya za mbele. Nikalipa shilingi 9,000, na motokaa ikatulia kabisa. Miezi mitatu ikapita, mtetemo ukarudi. Nikarudi kwa fundi yule yule, akasema tena, "Diski zimepinda, zile zilikuwa mbaya." Nikalipa shilingi 9,000 nyingine. Motokaa ikatulia, na baada ya miezi mitatu mingine mtetemo ukarudi tena.

Basi siku moja nilikuwa nikimleta mama kutoka hospitali ya Nairobi. Tulishuka kwa barabara ya chini iendayo Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambao pia walijenga lile kanisa dogo lililo kando ya barabara. Mbele yetu palikuwa na lori la mawe likishuka polepole. Nilikanyaga breki mara nyingi, na kila mara usukani uliruka mikononi mwangu. Mama akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Si kitu, mama, gari limekwisha tengenezwa mara mbili." Naye akanijibu, "Mwanangu, mtu akitetemeka kwa homa, nawe ukambadilisha nguo mara mbili, je, amepona?"

Sikupata nafasi ya kumjibu, maana wakati ule ule nilisikia harufu ya kuungua, na kikanyagio cha breki kikawa laini chini ya mguu wangu, kikashuka karibu kufika sakafuni. Kwa neema ya Mungu nilikuwa katika gia ya tatu. Nikaingiza ya pili, nikaikanyagakanyaga breki upesi upesi ili ipate nguvu, nikaivuta breki ya mkono kidogo kidogo, na gari likasimama katika changarawe kando ya barabara, hatua chache kabla ya kona. Mama hakusema neno. Alishuka, akaketi juu ya jiwe, akaanza kuomba.

Maneno ya mama yangu ndiyo msingi wa hotuba hii. Mtetemo ni kama homa: ni dalili ya ugonjwa, wala si ugonjwa wenyewe. Mganga mwema hutafuta kwanza kilicholeta homa, ndipo atoe dawa.

Sasa na tuone breki inavyofanya kazi. Katika motokaa nyingi za siku hizi, magurudumu ya mbele yana diski, yaani sahani ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu. Diski hiyo hubanwa na pedi mbili, moja upande huu na moja upande ule, kwa nguvu ya kalipa, ambayo ni kile chuma kinachoikumbatia. Magurudumu ya nyuma ya magari mengi madogo yana dramu, yaani mfano wa sufuria inayozunguka, na ndani yake mna viatu vya breki vinavyotanuka na kuusugua ukuta wake. Elimu hii si ya jana. Mwingereza Frederick Lanchester alijiandikishia haki ya breki ya diski mwaka wa 1902, na mwaka wa 1953 motokaa ya Jaguar yenye diski ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa. Tangu hapo watengenezaji wengi wakaifuata njia hiyo.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Tena mjue ya kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, joto linalotakiwa kuondolewa huongezeka mara nne. Gari liendalo kilometa 100 kwa saa huzidishia breki zake kazi mara nne kuliko liendalo kilometa 50. Ndiyo sababu dreva aweza kuzunguka mjini mwezi mzima bila kuona lolote, kisha siku ya kwanza ya kushuka bonde akapata taabu.

Je, mtetemo hutoka wapi? Watu husema diski imepinda kwa moto. Mara chache huwa hivyo. Lakini mara nyingi diski haikupinda kama jani lililokauka, bali unene wake haulingani pande zote. Mahali pamoja ni pembamba, na mahali pengine ni panene. Pedi zinapoibana diski hiyo, husukumwa nje na kurudi ndani kila diski izungukapo, na msukumo huo hupita katika mafuta ya breki mpaka mguuni mwako, na katika vyuma vya usukani mpaka mikononi mwako. Katika mwendo wa kilometa 100 kwa saa, gurudumu la motokaa ndogo huzunguka kama mara 14 au 15 katika sekunde moja. Kwa hiyo tofauti ya unene ya sehemu mbili za mia za milimita, ambayo jicho haliwezi kuiona, yatosha kuutikisa usukani.

Labda mtu atauliza, diski iliyokuwa mpya na sawa yapataje kuwa nyembamba mahali pamoja? Hapa ndipo ilipokuwa siri ya motokaa yangu. Diski hukaa juu ya kitovu cha gurudumu. Ikiwa kitovu kina kutu, na fundi akaweka diski mpya juu ya kutu hiyo, diski haitakaa wima. Itayumba kidogo sana izungukapo. Siku ya kwanza hutaona kitu, kwa sababu unene wake bado ni sawa. Lakini kila mzunguko upande uliojitokeza huigusa pedi, hata wakati mguu wako hauko juu ya breki. Mguso huo ni mwepesi, lakini hurudiwa mara maelfu na maelfu njiani, na baada ya kilometa elfu kadhaa mahali pale pamekwisha liwa, na mtetemo umerudi. Basi mtetemo ukirudi miezi michache baada ya kutia diski mpya, usikimbilie kulaumu diski, tazama inapokaa.

Ziko sababu nyingine nazo zinafanana na hiyo. Nati za gurudumu zikikazwa kwa nguvu nyingi mno, au moja ikikazwa sana na nyingine kidogo, diski huvutwa upande. Pini za kalipa zikikauka au zikishika kutu, pedi hazirudi nyuma, hivyo huendelea kuisugua diski na kuipasha moto. Tena dreva akisimama ghafula baada ya mwendo wa kasi, kisha akaendelea kuikanyaga breki kwa nguvu hali breki ina moto mkali, pedi huweza kuacha alama ya vitu vyake juu ya diski mahali pale pale, na hapo mshiko wa breki hubadilika.

Sasa nitawaeleza namna ya kuupima ugonjwa kabla ya kununua dawa. Jiulize maswali haya kwa utaratibu.

Kwanza: Je, gari linatetemeka hata usipokanyaga breki? Ikiwa usukani hutetemeka katika mwendo wa kilometa 80 mpaka 110 bila ya breki, shaka iko katika magurudumu: labda hayakusawazishwa uzito, au rimu imepinda katika mashimo, au tairi limevimba. Lakini mtetemo kama huo ukianza ghafula, hasa ikiwa gurudumu liliondolewa siku chache zilizopita, simama mara moja utazame nati. Huenda zimelegea, na gurudumu likakutoka njiani.

Pili: Ukikanyaga breki, mtetemo wausikia wapi? Ukiusikia zaidi katika usukani, anza na breki za mbele. Ukiusikia zaidi katika kiti na sakafu, anza na za nyuma. Katika gari lenye dramu nyuma, unaweza kujaribu hivi: tafuta mahali pa wazi pasipo watu wala magari, uende mwendo wa kilometa 30 tu, kisha uivute breki ya mkono taratibu, huku umekibonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia wakati wowote. Gari likitetemeka, dramu za nyuma zimepoteza mviringo wake. Msijaribu jambo hili barabarani, wala penye mvua, wala katika gari ambalo breki yake ya kuegesha hufungwa kwa umeme.

Tatu: Je, kikanyagio hupigapiga tu unapofunga breki kwa nguvu nyingi, au penye changarawe na utelezi? Ikiwa gari lina mtambo wa kuzuia magurudumu yasikwame, hiyo ni kazi yake ya kawaida. Usiinue mguu kwa hofu. Endelea kukanyaga na kuuongoza usukani.

Nne: Je, gurudumu moja lina joto kupita mwenzake? Nenda kilometa chache bila kutumia breki sana, simama, kisha ukaribishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Lile lenye joto kupita la upande wa pili yawezekana lina kalipa iliyoshika.

Baada ya maswali hayo, liinue gari mahali tambarare. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liegemeze juu ya stendi imara. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, tazama beringi na boljointi. Kisha lishike kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazama vyuma vya usukani. Angalia pia bushi za mikono inayoshika gurudumu, maana zikichakaa, mtetemo mdogo wa breki hukuzwa ukawa mkubwa. Sehemu hizi zilizolegea mara nyingi hazianzishi ugonjwa, lakini huupaza sauti.

Kisha toa gurudumu. Tazama pedi: ikiwa nyama yake imebaki chini ya milimita 3, wakati wake umekwisha. Ikiwa pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, karibu hakika pini au pistoni ya kalipa imeshika. Diski nayo ipimwe unene kwa maikromita mahali pasipopungua 6 kuizunguka, na kuyumba kwake kupimwe kwa saa ya mshale iliyoegemezwa imara. Katika magari mengi madogo kuyumba kusizidi sehemu 5 mpaka 10 za mia za milimita. Fundi asiye na vifaa hivi aweza kukisia tu, nawe ndiwe utakayelipia makisio yake.

Matengenezo yenyewe hayana ajabu. Kitovu kisuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane safi, na uso wa ndani wa diski vivyo hivyo. Pini za kalipa zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi iliyotengenezwa kwa kazi ya breki, wala si grisi yoyote ya kopo, kwa kuwa grisi nyingine hulivimbisha gamba la mpira. Diski yenye unene wa kutosha yaweza kukerezwa ikawa sawa. Lakini kipimo cha chini kabisa huandikwa na mtengenezaji, mara nyingi juu ya diski yenyewe, na ikipungua hapo itupwe. Diski na pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli pamoja, ili gari lisivute upande mmoja. Msipake mafuta wala grisi juu ya uso wa diski. Diski mpya iliyopakwa mafuta ya kuzuia kutu ioshwe kwanza.

Nati zikazwe kwa mkato wa nyota, moja na ile inayoielekea, tena kwa spana ya kipimo. Magari mengi madogo ya Toyota hutaka kipimo cha nyuta-mita 103. Kitabu cha gari lako kitakuambia lako lataka ngapi. Yule kijana anayepanda juu ya spana na kuruka kwa miguu yote miwili hakusaidii; anakuharibia diski, na siku ya pancha utashindwa kuzifungua. Ukisha kwenda kilometa kama 80 au 100, zikague tena.

Pedi mpya nazo zazoezwe. Katika barabara tupu punguza mwendo kutoka kilometa 60 mpaka 20, mara 8 au 10, kwa nguvu ya kadiri, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi kati ya mara moja na nyingine. Kisha endesha taratibu mpaka breki zipoe.

Siku ile ya Mai Mahiu gari langu lilivutwa mpaka kwa mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Alitoa diski, akanionyesha kitovu. Kilikuwa na magamba ya kutu kama gome la mti. Hakuna aliyekigusa mara zote mbili nilipolipia diski. Pini moja ya kalipa ya kushoto ilikuwa haisogei hata kwa nyundo, na hiyo ndiyo iliyoleta joto na ile harufu. Mafuta ya breki yalikuwa meusi. Yule mzee akanieleza kwamba mafuta hayo hunyonya maji ya hewani mwaka hata mwaka. Aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikisha nyonya maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hubanwa kama hewa; ndiyo maana kikanyagio changu kilishuka. Tangu siku hiyo mafuta ya breki nayabadilisha kila baada ya miaka miwili.

Mzee yule alisugua, akapaka grisi, akapeleka diski zile zile kukerezwa, akatia mafuta mapya. Malipo yote hayakufika nusu ya diski mbili mpya. Motokaa ile niliiendesha miaka mitano zaidi, na mtetemo haukurudi. Nami nikamwomba mzee anifundishe kazi.

Kabla sijaketi, nataka kusema juu ya mashuka. Hapa kwetu tunayo mengi: kuna huku bondeni, kuna Salgaa, kuna Daraja la Nithi katika barabara ya Meru, ambapo mwezi wa Julai mwaka wa 2022 basi la abiria lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Ninyi madreva, ingizeni gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mshuko. Acheni injini ilizuie gari. Breki itumieni kwa vipindi, kanyaga ya kutosha, kisha achia ipoe, wala msiburute mguu juu yake kilometa nzima. Na msizime gia kwa kutaka kuokoa petroli. Petroli ya kijiko kimoja si bei ya maisha ya mtu.

Nanyi wenye magari, kumbukeni dalili za kutongoja kesho: kikanyagio laini au kinachoshuka, harufu ya kuungua, mlio wa chuma kwa chuma, gari kuvuta upande mmoja, au mtetemo unaozidi siku kwa siku. Ukiona moja ya hizo, simamisha gari na uite fundi. Tena mwulize fundi wako swali hili moja kabla hajakuuzia diski: "Umeona nini, nawe umekipima kwa kitu gani?" Fundi wa kweli hatachukia, atakuonyesha. Na asiyeweza kukuonyesha, mshukuru kwa upole, uende kwa mwingine.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama yangu yu hai bado, na kila nimchukuapo safarini, kabla ya kupanda huniuliza, "Je, homa ya gari imepona?" Nawaombea nanyi muwe na jibu la kweli siku mtakapoulizwa na wale mnaowabeba.